Nani Alilichimba Ziwa? Barafu, Barua na Ubishi wa 1864

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Hapana jamani. Nilipanda kwetu Bungu kumsalimia bibi. Na kabla hamjauliza: siyo Bungu ya kule Kibiti. Yetu ni Bungu ya Korogwe, juu milimani, Usambara Magharibi, ambako gari linapanda kwa gia ya kwanza huku konda akining'inia mlangoni na abiria wakimtaja Mungu kila kona.

Safari hii nilibeba bahasha nene ya karatasi nilizochapisha mjini. Barua za kale, hotuba za kale, makala za kale za wanajiolojia wa Ulaya. Bibi aliponiona nimejikunja barazani na yale makaratasi akaniuliza ninasoma nini. Nikamwambia: bibi, nasoma barua za Wazungu waliogombana miaka mia moja na sitini iliyopita kuhusu nani aliyechimba maziwa. Akafikiri kidogo, halafu akauliza swali moja tu: "Wakapatana?"

Sikumjibu pale pale. Makala hii ndiyo jibu langu, na ni ndefu, kwa hiyo kama una chai iweke karibu.

Kwanza nikwambieni kwa nini jambo hili linaniuma. Nilipokuwa kidato cha tatu (shule siitaji) tulifundishwa jiografia ya barafu. Mabonde yenye umbo la herufi U, mawe yaliyokwaruzwa, maziwa yaliyochimbwa na barafu huko Ulaya. Tulikariri yote, sisi ambao barafu tuliijua ya kwenye friji la duka tu. Siku moja mwalimu akaniuliza Ziwa Viktoria lilitokana na nini. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: lilichimbwa na barafu! Darasa likalipuka kwa kicheko, nami nikasimamishwa hadi kipindi kikaisha. Hakuna aliyenieleza nimekosea wapi. Nilikaa na aibu ile miaka mingi, hadi nilipogundua kuwa swali lile lile liliwagombanisha wasomi wakubwa wa karne ya 19, mabwana wenye vyeo na medali, na kwamba baadhi yao walikosea vibaya kuliko mimi.

Haya, twende taratibu.

Mwaka 1837 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Louis Agassiz, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Neuchâtel akawaambia kwamba zamani sana sehemu kubwa ya Ulaya ilifunikwa na barafu. Siyo theluji ya msimu, bali barafu nene inayotembea polepole, ikikwangua miamba na kubeba mawe makubwa hadi mahali yasipostahili kuwapo. Wengi walimwona ametia chumvi. Wakati ule maelezo yaliyopendwa ni kwamba mawe yale yaliletwa na bahari, au na mapande ya barafu yaliyoelea baharini.

Hata Charles Darwin alinaswa. Huko Scotland kuna bonde liitwalo Glen Roy, ambalo kuta zake zina mistari mitatu iliyonyooka kama ngazi, kana kwamba mtu ameichora kwa rula. Mwaka 1839 Darwin aliandika kuwa ni fukwe za bahari ya kale. Agassiz akaja mwaka uliofuata akasema hapana, ni fukwe za ziwa lililozuiwa na ukuta wa barafu. Barafu ilipoyeyuka, ziwa likatoroka. Darwin alishikilia lake miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1861 Mskoti mmoja, Thomas Jamieson, akampelekea barua zenye ushahidi aliouona mwenyewe kwenye bonde, na Darwin akanyoosha mikono. Alimwandikia rafiki yake Charles Lyell akikiri kwamba andiko lake lile lilikuwa kosa kubwa toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nilipenda sana hapo. Ni wangapi leo, profesa au mwanasiasa, wanaoweza kuandika barua ya namna hiyo?

Sasa ndipo anaingia mtu wangu, Andrew Ramsay. Huyu alikuwa mtumishi wa idara ya upimaji wa jiolojia ya Uingereza, mpanda milima, na mhadhiri katika chuo cha serikali cha madini kilichokuwa London. Mwezi Machi 1862 alisoma mbele ya Chama cha Jiolojia cha London makala iliyodai kwamba maziwa mengi ya Uswisi, Uingereza, Sweden na Amerika ya Kaskazini yalichimbwa na barafu yenyewe.

Hoja yake ni nzuri, na inaeleweka hata kwa mtu asiyepata kusoma jiolojia. Fikiria mto. Mto unachimba, sawa, lakini unachimba kuelekea chini tu, kwa sababu maji hayapandi mlima. Mto hauwezi kuchimba bakuli lenye kina kuliko mdomo wake wa kutokea. Sasa chukua ziwa kama la Geneva, lenye kina cha mita 310 hivi. Maji yanaingia upande mmoja, yanatoka upande wa pili kwa juu, na katikati kuna shimo refu ndani ya mwamba. Nani alilichimba? Mto hauwezi. Bahari haiko karibu. Ramsay akasema: ni barafu. Mto wa barafu wenye unene wa mamia ya mita una uzito wa kutisha, nao ukisukumwa kwa nyuma unaweza kupanda hata mteremko mdogo. Pale unapokuwa mnene zaidi unachimba zaidi, na pale unapokwisha unaacha ukingo. Ukiyeyuka, bakuli linajaa maji. Basi, hilo ndilo ziwa.

Akaongeza jambo lililofanya wengi waone ukweli wake: angalieni ramani, maziwa ya namna hii yamejaa kaskazini ya dunia, kule kule ambako alama za barafu ya kale zimejaa.

Ubishi uliozuka hapo, acha tu. Lyell, ambaye vitabu vyake vilisomwa na kila mwanajiolojia wa Kiingereza, alikataa. Katika kitabu chake cha 1863 kuhusu ukale wa binadamu alisema mabakuli hayo yametokana na ardhi kupanda na kushuka kwa viwango tofauti, siyo barafu. Hugh Falconer, aliyefanya kazi India miaka mingi, akauliza mbona milima ya Himalaya ina mito mikubwa ya barafu lakini haina maziwa makubwa kama ya upande wa kusini wa Alps. Upande wa pili John Tyndall, mwanafizikia, akavuka hata mpaka wa Ramsay akasema barafu imechimba mabonde yenyewe ya Alps. Darwin, Lyell na Joseph Hooker wakawa wanaandikiana: umeona ya Ramsay? Wewe unasemaje? Darwin aliipenda hoja ingawa hakuimeza yote.

Na mpinzani mkubwa kuliko wote alikuwa Sir Roderick Murchison. Huyu alikuwa mkuu wa idara ya upimaji wa jiolojia. Yaani bosi wa Ramsay! Kwake yeye mabonde na maziwa ya Alps yalitokana na nyufa za ardhi, na barafu ilikuja baadaye kusugua tu. Na bosi huyo huyo ndiye alikuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, ile iliyowatuma akina Burton, Speke na Livingstone huku kwetu.

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Kwa sababu meza iliyopokea barua za barafu ya Alps ndiyo hiyo hiyo iliyopokea barua za maziwa ya Afrika.

Turudi nyuma kidogo, hadi Mei 1848. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa kituo cha Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchagani. Tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe. Akamuuliza kiongozi wake ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann akajua moyoni kuwa ni theluji. Baadaye akasikia kwa Wachagga wenyewe kwamba huko juu kunaitwa Kibo na kwamba kitu kile kikishuka kinageuka maji. Akasikia pia habari za Rungua, mfalme wa Machame, aliyewahi kutuma watu wapande kuona kama ile si fedha. Inasemekana aliyerudi ni mtu mmoja tu, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi.

Soma tena aya hiyo. Mtawala wa Machame alituma watu wake wakachunguze barafu ya Kilimanjaro kabla Mzungu yeyote hajauona mlima ule. Sayansi ni nini kama siyo hiyo? Una swali, unatuma watu, unasubiri majibu, na gharama inakuwa maisha ya watu.

Barua ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849. Krapf, mwenzake, akaona theluji ya Mlima Kenya mwezi Desemba mwaka huo huo. Mabwana wa London wakapokeaje? William Desborough Cooley, mtu aliyekuwa mabingwa wa Afrika bila kukanyaga bara la ndani, akakataa kabisa. Theluji karibu na Ikweta? Mmisionari kaota. Hata macho ya Rebmann yakatiliwa shaka. Cooley aliandika kitabu chake mwaka 1852 akijidai kuiweka wazi Afrika ya ndani, na akaendelea kubisha miaka mingi baadaye. Kinachochekesha ni kwamba sehemu kubwa ya aliyoyajua kuhusu huku aliambiwa na mtu wa huku huku, mfanyabiashara Khamis bin Uthman aliyefika London miaka ya 1830. Mwafrika akisema kinachokubaliana na ramani yako anaaminika. Akisema kuna baridi nyeupe mlimani, ni ndoto.

Na kwetu Usambara? Tumo, tena katikati. Krapf alifika Vuga kwa Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi 1852. Mwaka 1853 mwenzao Jakob Erhardt alikuja akakaa Vuga miezi kadhaa, kisha mwaka 1854 akahamia Tanga. Pale Tanga akafanya kazi ambayo mimi kama mwandishi wa habari naitambua mara moja: aliwahoji watu. Waongoza misafara, wafanyabiashara wa pembe, wapagazi. Kila mmoja alimwambia kuwa ukienda bara siku nyingi utakutana na maji makubwa. Aliyepita njia ya kusini alisema hivyo, wa njia ya kati hivyo, wa kaskazini hivyo hivyo.

Erhardt na Rebmann wakakaa wakachora. Kwa kuwa kila njia iliishia kwenye maji, wakaunganisha maji yote yakawa ziwa moja la kutisha, lenye umbo la konokono asiye na nyumba, limelala katikati ya Afrika Mashariki. Ramani ikachapishwa Ujerumani na London mwaka 1855 na 1856, watu wakacheka, lakini Jumuiya ya Kijiografia ikashtuka na kuwatuma Burton na Speke. Hawa nao, kabla ya kwenda bara, walipita bonde la Pangani wakapanda Vuga mwezi Februari 1857. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, akataka dawa. Walikaa muda mfupi tu wakateremka.

Leo tunajua wale wasafiri wa Tanga walikuwa wanasema kweli, wote. Mmoja alikuwa anasema Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Viktoria. Vyanzo vilikuwa sahihi, mhariri ndiye aliyechanganya. (Nami nimewahi kufanyiwa hivyo na mhariri, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Sasa mbona London haikutuma mwanajiolojia aende kuona theluji? Alikuja mmoja, na ni kama kwa bahati. Richard Thornton, kijana aliyesoma katika chuo kile kile cha madini alichofundisha Ramsay na kuongozwa na Murchison. Mwaka 1858, akiwa na miaka 20 hivi, alikwenda Zambezi na Livingstone kama mwanajiolojia wa msafara. Livingstone akamfukuza mwaka uliofuata. Mwaka 1861 akaungana na Baron Karl Klaus von der Decken, wakapanda Kilimanjaro hadi yapata mita 2,500. Hawakufika kwenye barafu, lakini Thornton alipima, akachora, akathibitisha kuwa mlima ni wa volkeno na kwamba theluji ipo kweli. Mwaka 1863 akafariki kwa homa kule Shire, hajafikisha miaka 26. Decken alikuwa amerudi mlimani mwaka 1862 na Otto Kersten, wakapanda juu zaidi.

Basi fika nami mwaka 1864, kwa sababu mwaka huo kila kitu kinakutana.

Katika hotuba yake ya mwaka kwa Jumuiya ya Kijiografia, Murchison alimshambulia Ramsay waziwazi: barafu haiwezi kuchimba maziwa. Mwaka huo huo Jumuiya ikampa Decken medali ya dhahabu kwa kazi yake Kilimanjaro, miaka kumi na sita baada ya macho ya Rebmann kudhihakiwa. Mwaka huo huo tena Murchison akaandika kwamba Afrika ya ndani ni nchi kongwe mno, iliyotulia, isiyofunikwa na bahari toka enzi za kale kabisa. Mwezi Septemba, mkutano mkuu wa wanasayansi wa Uingereza ukafanyika mjini Bath, rais wake akiwa ni nani? Charles Lyell. Watu walijazana wakisubiri Burton na Speke wabishane kuhusu maziwa yetu na chanzo cha Mto Nile. Siku moja kabla ya mdahalo, tarehe 15 Septemba, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Lyell katika hotuba yake aliigusa hata Afrika: alizungumzia wazo kwamba Sahara ilipokuwa bahari, upepo wa joto ulikosekana Ulaya na barafu ya Alps ikakua. Wazo halikuwa sahihi, lakini ona jinsi bara letu lilivyokuwa linatumika kueleza barafu yao. Na mwezi Oktoba Ramsay akachapisha jibu refu kwa bosi wake, akiitaja hotuba ile moja kwa moja katika kichwa cha makala.

Nilipoyapanga makaratasi haya mezani kwa bibi kwa kufuata tarehe nilishangaa kitu kimoja. Watu hawa walikuwa na maziwa ya aina mbili mbele yao, ya kaskazini yenye alama za barafu, na ya Ikweta yasiyo na alama hizo. Walikuwa na mlima wenye barafu Ikweta. Jibu lilihitaji kuviweka vitu hivi pamoja, na vyote viliwafikia kwa posta, London, mikononi mwa watu wale wale.

Jibu lilichelewa karibu miaka thelathini. Mwaka 1887 na 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel ulipita kaskazini hadi ziwa tunaloliita leo Turkana. Kwa kutumia ramani na taarifa zao, Eduard Suess, akiwa Vienna, aliandika mwaka 1891 kwamba mabonde na maziwa yale yamepangana kwenye mpasuko mmoja mrefu wa ardhi. Naye hakuja huku. Aliyekuja ni John Walter Gregory, mwaka 1893, akafika Baringo na Mlima Kenya, akarudi na jina ambalo kila mwanafunzi analijua: Bonde la Ufa. Ardhi inavutwa pande mbili, inapasuka, kipande cha katikati kinazama. Hivyo Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Barafu gani ingefanya hivyo? Hapa Lyell na Murchison, waliokosea kwa Alps, hawakuwa mbali na ukweli kwa upande wetu. Na ile Afrika ya ndani kongwe iliyotulia? Inapasuka hadi leo.

Nilipofika hapo nikanyanyua macho. Bungu imekaa juu ya jibu hilo. Usambara ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa kati ya nyufa, na upande wa mashariki kuna bonde la Lwengera, linaloitenga Usambara yetu na ile ya Amani. Mlima ulipanda, bonde likabaki chini. Ukiwa mtoto wa Bungu unashuka na kupanda mpasuko huo kila unapotumwa Korogwe kununua mafuta ya taa. Erhardt alikaa juu yake miezi, Burton na Speke waliupanda kwa miguu wakihema.

Lakini Ramsay naye hakushindwa, na hapa ndipo utamu ulipo. Gregory yule yule aliyetuonyesha ufa alikuta Mlima Kenya alama za barafu ya kale: vifusi vya mawe vilivyoachwa zaidi ya kilomita moja chini ya barafu iliyopo juu. Huko juu kuna vibakuli vya maji ndani ya mwamba, kama ziwa dogo la Teleki na Ziwa Michaelson, kazi ya barafu tupu. Ruwenzori hali ni hiyo hiyo: Bujuku na Kitandara ni maziwa yaliyoachwa na barafu. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, alirudi mwaka 1898 akaona kuwa barafu ya Kilimanjaro nayo zamani ilishuka mbali zaidi. Na mito ya barafu ya Mlima Kenya Gregory aliipa majina ya wataalamu wa barafu. Mmoja unaitwa Tyndall! Yule yule wa ubishi wa Alps jina lake limekaa Ikweta.

(Kichekesho kingine: Gregory aliupenda ufa wake kiasi kwamba mwaka 1913 aliandika kitabu akidai hata zile ghuba ndefu za Norway msingi wake ni nyufa, siyo barafu. Ukishika nyundo kila kitu unakiona msumari. Na Agassiz, baba wa barafu, alikwenda Brazil mwaka 1865 akaiona barafu hata bonde la Amazon, ambako haikuwahi kuwapo. Huyu pia alikuwa akihubiri kuwa watu weusi ni jamii duni, kwa hiyo sina machozi naye.)

Sasa Ziwa Viktoria, ziwa la aibu yangu. Halikuchimbwa na barafu na wala halimo ndani ya ufa. Limekaa kwenye mbonyeo kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikienda magharibi ikageuzwa, maji yakakusanyika. Ndiyo maana ni pana ajabu lakini kina chake ni mita 80 hivi tu. Wanasayansi waliochimba matope ya chini yake waligundua kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu, yapata miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita, ziwa lile lilikauka. Likawa mbuga. Barafu ilipotanda kaskazini ya dunia na bahari zikapoa, mvua ya huku ikapungua, na ziwa kubwa kuliko yote Afrika likageuka nchi kavu. Dunia ilipopata joto likajaa tena.

Kwa hiyo mwalimu wangu mpendwa, popote ulipo: barafu haikulichimba Ziwa Viktoria. Ilisaidia kulikausha tu, ikiwa maelfu ya kilomita mbali. Naomba nikae chini sasa.

Jioni nikamsimulia bibi yote haya, kwa Kishambaa changu cha kuchovya. Nikamwambia hawakupatana. Murchison alikufa mwaka 1871 bila kukubali, Ramsay akarithi ofisi yake, na waliofuata wakagundua kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya ziwa lake akidhani maziwa yote ni lile. Hakushangaa sana. Kilichomkaa kichwani ni wale watu wa Rungua. Alirudia mara mbili: walitumwa wakalete fedha, ikageuka maji mkononi? Halafu akauliza kama ile barafu ya Kibo bado ipo.

Ipo, bibi, lakini kidogo. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imetoweka. Ule mto wa barafu wa Mlima Kenya uliopewa jina la Gregory umekwisha kabisa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 ikisema Mlima Kenya unaweza kubaki bila barafu katika miaka ya 2030 na Kilimanjaro katika miaka ya 2040. Mto Pangani unaopita kule chini Korogwe unaanzia pande za Kilimanjaro na Meru, ingawa maji yake mengi ni ya mvua na misitu, siyo ya barafu. Hilo nilimwambia haraka, maana niliona ameanza kuwaza mashamba ya bondeni.

Akanyamaza. Kisha akasema kama nitapanda huko nikaone kabla haijaisha, nivae soksi mbili.

Nimeshaanza kuweka akiba. Mtae kule Lushoto wanasema siku hewa ikiwa safi mlima unaonekana, kwa hiyo nitaanzia hapo, bei yake ni nauli ya basi tu. Picha za Bungu na bonde la Lwengera nitaziweka kesho umeme ukirudi. Bibi anawasalimu wote.